Kabla ya Kumeza Dawa ya Viungo, Jua Ugonjwa Wako Ni Upi

Nyumbani kwetu tunaumwa viungo watu wawili, mimi na mama. Mimi nina baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo; mama goti lake la kulia limelika gegedu, ule utando mgumu unaoteleza unaofunika ncha za mifupa. Kila anayekuja kutujulia hali hutupa ushauri mmoja sote wawili: mafuta ya kuchua, vidonge alivyotumia jirani yake, mapumziko. Wanatupenda, najua. Lakini magonjwa yetu ni mbalimbali kabisa, na dawa iliyonirudishia mikono yangu haina kazi yoyote kwenye goti la mama.

Mahali pa kwanza nilipokwenda niliambiwa ni uchovu wa kazi, nikapewa dawa ya maumivu. Picha ya eksirei ilikuwa safi, ikaonekana basi sina kitu. Bado inaniuma nikikumbuka, maana baridi yabisi ikiwa changa picha huwa safi mara nyingi. Eksirei inaonyesha mfupa vizuri, lakini gegedu, kano na ule utando wa ndani ya kiungo unaovimba haionyeshi. Mpaka picha ije kuonyesha mfupa umelika, madhara yameshatokea na hayarudi nyuma.

Daktari aliyeugundua ugonjwa wangu hakuanza na picha. Aliniuliza, "Ukiamka asubuhi, vidole vinachukua muda gani kulegea?" Nikamjibu inapita saa nzima, siwezi hata kufungua kifuniko cha chupa. Akakishika kiganja changu, akakibana taratibu kutoka pembeni, pale vidole vinapoanzia. Nikaruka. Akaenda mkono wa pili, nikaruka tena. Baada ya hapo ndipo akaagiza vipimo vya damu, na akanieleza mapema kwamba kipimo kile cha baridi yabisi kinaweza kutoka hasi kwa mgonjwa na chanya kwa mtu mwenye afya njema, kwa hiyo hakisomwi peke yake.

Swali lile la asubuhi lina uzito mkubwa. Kwa mama, goti hukakamaa akiamka, lakini akitembea kidogo, haifiki nusu saa, limelegea. Maumivu yake yanakuja jioni, au akishuka ngazi, na akipumzika yanatulia. Kwangu ni kinyume: mapumziko ndiyo yanayonikakamaza. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa daktari, jichunguze siku chache na uandike. Kiungo kipi, upande mmoja au pande zote mbili, maumivu yanazidi saa ngapi, kinavimba au kinauma tu, ulianguka, una homa, umepungua uzito bila sababu, nani katika ukoo aliwahi kuumwa hivyo. Taja na kila dawa unayokunywa, hata ya mitishamba. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko picha uliyopiga mwenyewe bila kuambiwa.

Mama alipopelekwa kuchunguzwa, daktari alianza kwa kuuzungusha mguu wake kwenye nyonga. Tulishangaa, maana tulikuja kwa ajili ya goti. Kumbe nyonga mbovu huweza kuumiza gotini, na watu hupigwa picha za goti lisilo na tatizo wakati ugonjwa uko juu. Nyonga ikawa nzima, ndipo akaagiza picha ya goti, nayo ipigwe mama akiwa amesimama, kwa sababu uzito ukiegemea ndipo inaonekana mifupa imekaribiana kiasi gani.

Matibabu yake hayakuwa ya sindano wala upasuaji. Mazoezi ya kuimarisha msuli wa mbele wa paja, kila siku, na kupunguza uzito. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Fimbo alikuwa anaishika upande wa goti bovu, mtaalamu wa mazoezi tiba akamhamishia mkono wa upande mzima. Tofauti aliiona siku hiyohiyo. Kubadilishiwa goti kupo, na kunawasaidia wengi, lakini ni kwa yule ambaye haya mengine yamefanywa kwa bidii na bado halali usiku.

Mimi natumia methotreksati, na hapa naomba unisome polepole. Kwa baridi yabisi dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki. Siyo kila siku. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku yako, iandike kwenye pakiti, mwambie na mtu wa nyumbani. Inaambatana na vidonge vya asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Mjamzito au anayetaka kushika mimba haitumii. Nafuu haiji kesho, inachukua wiki kadhaa, na wengi huikata hapo katikati wakidhani haifanyi kazi.

Ugonjwa wa jongo, ambao asidi ya yuriki ya kwenye damu huganda ndani ya kiungo, nao una njia yake. Mara nyingi huanza usiku, kwenye kidole gumba cha mguu, hata shuka halivumiliki. Asidi hiyo inaweza kupimwa kwenye damu siku hiyo ikaonekana sawa. Uthibitisho mzuri ni kuvuta maji ya kiungo na kuona chembechembe za asidi hiyo kwa hadubini.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia, ila hazinywewi mbili pamoja, na zikizoeleka huchubua tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Jihadhari zaidi na vidonge visivyo na jina vinavyokutuliza ndani ya siku moja. Baadhi ya vinavyouzwa kama mitishamba vimewahi kupimwa vikakutwa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Ukishavitumia muda mrefu usiviache ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu.

Yapo mambo hayangoji miadi. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mwili una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani wadudu wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kulila gegedu kwa siku chache. Maumivu ya mgongo yakija na ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au miguu kuisha nguvu, nenda sasa hivi. Na aliyefungwa plasta ya mfupa uliovunjika, maumivu yakizidi hata baada ya dawa, au vidole vikifa ganzi na kupoa, arudi usiku huohuo plasta ifunguliwe.