Muulize Mjomba: Montepulciano ni zabibu au ni mji?

*Shikamoo Mjomba. Tuko Roma, mume wangu anasoma. Nimenunua chupa mbili za mvinyo na lebo zote mbili zimeandikwa Montepulciano. Moja bei chee, nyingine imenitoa jasho. Hazifanani hata kidogo! Ile ya bei chee ni nyeusi tii na inateremka vizuri. Ile ghali imepungua rangi, ina uchachu na ukakasi. Nimeuziwa bandia?*

Marahaba, mpwa wangu. Hakuna aliyekutapeli. Zirudishe chupa mezani uzisome lebo mpaka mwisho: ile ya bei chee bila shaka ni Montepulciano d'Abruzzo, na ile ghali ni Vino Nobile di Montepulciano. Kwenye ya kwanza, Montepulciano ni aina ya zabibu, na Abruzzo ni mkoa ulio mashariki ya hapo ulipo, unaotazama bahari ya Adriatiki. Kwenye ya pili, Montepulciano ni mji wa Toscana uliojengwa juu ya kilima. Na zabibu inayotawala huko wala si Montepulciano. Ni Sangiovese, wenyeji huiita Prugnolo Gentile, na sheria inataka isipungue asilimia 70.

Zabibu ya Abruzzo ina ganda lenye rangi tele, ndiyo maana mvinyo wake ni mweusi. Sangiovese rangi yake ni ya wastani, lakini uchachu anao. Usiinywe peke yake, iwekee nyama au mchuzi wa nyanya uone inavyobadilika. Bei nayo ina sababu: Vino Nobile haiuzwi mpaka imekaa miaka miwili, na pesa ya mkulima imelala ghalani muda wote huo.

Dukani, tazama ile *di* au *d'*, yaani "ya". Jina linaloitangulia mara nyingi ni la zabibu, linaloifuata ni la mahali: Barbera d'Asti, Vermentino di Gallura. Lebo nyingine zinataja mahali tu, zabibu uijue mwenyewe: Chianti, Barolo, Soave. Na wako wakorofi, kama Brunello di Montalcino. Brunello ungedhani ni zabibu ya aina yake, kumbe ni Sangiovese yule yule.

Italia ina mikoa 20 na yote inatoa mvinyo. Nilipokuwa mhudumu kwenye mkahawa mmoja wa Verona, orodha yetu ilianza na kurasa nzima za Valpolicella na Soave, mashamba ya jirani. Mvinyo wa Sicilia uliwekwa ukurasa wa mwisho, pamoja na wa Ufaransa. Mwenye mkahawa hakuona ajabu yoyote. Kwake yeye vyote viwili vilitoka mbali.

*Mjomba, nilialikwa chakula Torino nikamiminiwa Barolo, watu wakausifu kama mfalme. Mimi nikaona rangi hafifu, pembeni inaelekea ya tofali, halafu mdomo ukakauka kabisa. Waliongeza maji?*

Wangeongeza maji, mdomo usingekauka. Hiyo ni zabibu ya Nebbiolo: ganda lake lina rangi kidogo na ukakasi mwingi, kwa hiyo jicho linakudanganya kabla ulimi haujafika. Inaiva kwa kuchelewa, huvunwa mara nyingi mwezi wa Oktoba, ukungu ukiwa umeshatanda kwenye vilima vya Langhe, kule Piemonte inakotoka Barolo. Barolo haiingii sokoni kabla ya miezi 38, na kati ya hiyo 18 lazima iwe kwenye mbao. Hata ndani ya wilaya hiyo ndogo ladha inatofautiana: mvinyo wa kijiji cha La Morra kwa kawaida ni mpole zaidi, wa kijiji cha Serralunga d'Alba ni mgumu na unataka miaka. Ukialikwa tena, muombe mwenyeji aifungue mapema, na ule kitu chenye mafuta pamoja nayo. Au agiza Langhe Nebbiolo, zabibu ile ile, hasira imepungua.

Kama ulichokuwa unakitafuta ni uzito, ulikaa mkoa usio wako. Nenda Veneto ukanywe Amarone. Hapa nina upendeleo, sifichi. Baada ya mavuno zabibu za Corvina na wenzake hazikamuliwi. Zinapangwa safu moja moja kwenye trei, kwenye ghala lenye madirisha, na zinaachwa miezi mitatu, minne, zinyauke. Nimeingia kwenye ghala hizo. Harufu ni ya zabibu kavu na vumbi la mbao, na kuna mtu kazi yake ni kupita trei kwa trei akitoa kila punje iliyoshika ukungu. Kinachobaki ni kidogo na kitamu, na kikichacha chote kileo hakishuki asilimia 14. Makapi yake hayatupwi: hurudishiwa mvinyo wa Valpolicella wa kawaida, ukachacha tena kidogo juu yake, ukaitwa Ripasso. Wakati mfuko umetoboka, mimi huwa hapo.

*Prosecco ina povu na Franciacorta ina povu. Mbona ya pili inauzwa ghali hivyo?*

Povu la Prosecco hutengenezwa kwenye tangi kubwa la chuma. La Franciacorta, kule Lombardia karibu na ziwa Iseo, hutengenezwa ndani ya chupa yenyewe, na chupa hulala juu ya masimbi ya hamira miezi 18 kwenda mbele. Kila moja na saa yake. Kabla ya chakula mimi huchukua Prosecco, ila natafuta iliyoandikwa Conegliano Valdobbiadene, ya vilimani, na siitunzi kabatini.

*Ni kweli mizabibu inamea kwenye volkano ya Etna?*

Kweli tupu. Imepandwa kwenye matuta ya mawe meusi ya lava, mashamba mengine yakikaribia mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ni baridi ingawa uko Sicilia. Zabibu nyekundu ya huko ni Nerello Mascalese, nayo rangi yake ni hafifu, aliyeandika kuhusu Barolo asije akalalamika tena. Chini ya jina la Etna utaona wakati mwingine jina la *contrada*, yaani kipande cha mlima. Litilie maanani. Lava haikumwagika siku moja, udongo wa kipande kimoja unaweza kuwa na umri tofauti sana na wa jirani yake, na mkulima mmoja anaweza kukuuzia chupa mbili za zabibu ile ile zisizofanana.