Mdogo wangu unayeanza kuchora katuni Dar

"Kaka, nachora. Nianzie wapi?" Ujumbe wa namna hii hunifikia kila baada ya wiki mbili tatu, na karibu kila mara huja na picha: uso wa mwanamuziki fulani uliochorwa kwa penseli kutoka kwenye simu, vivuli vimelainishwa kwa kidole, nywele zimepangwa moja moja. Mkono upo, hilo sina shaka nalo. Mimi huuliza jambo jingine: mwezi huu umekaa na mchoraji gani mwingine? Jibu huwa hakuna. Kijana anachora peke yake chumbani Mbagala au Kimara, anaweka mtandaoni, anasubiri watu asiowajua wampe alama ya kupenda. Hivyo anaweza kukaa miaka mitano bila kusogea, na nimewaona waliokaa hivyo wakaishia kuacha.

Nakuandikia kwa sababu nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Maonyesho yangu ya kwanza nilikwenda nikiwa na bahasha ya kaki yenye michoro mitatu. Sikualikwa, nilisikia tu kwa jamaa mmoja mwenye steshenari Kariakoo niliyekuwa nanunua kwake karatasi za manila. Nikasimama karibu na mlango saa nzima nikiona haya. Mzee mmoja, mchoraji wa siku nyingi, akaiona bahasha. "Lete hapa." Nikamwamkia, nikampa mchoro niliouamini kuliko yote: wanaume wawili wamesimama wanazungumza juu ya bei ya sukari, na kila mmoja ana puto kubwa la maneno juu ya kichwa.

Mzee hakusoma. Aliweka kiganja juu ya maputo yote mawili, akayafunika, akaniambia, "Haya, nieleze. Hapa pana nini?"

Nikatazama mchoro wangu mwenyewe. Palikuwa na watu wawili wamesimama, basi. Ungeweza kuwaandikia maneno ya mpira, ya mvua au ya harusi, wasingegeuka hata kidogo. Mzee akaomba penseli yangu, akageuza ukurasa, akachora mtu mmoja amebeba kifuko cha sukari kama mzazi aliyetoka leba na kichanga: mkono mmoja chini ya shingo ya kifuko, mwingine umekikumbatia, na uso umeinama kukitazama kwa hofu ya kukiangusha. Haikupita dakika moja. Hakuandika neno hata moja, na waliokuwa pembeni yetu wakaangua kicheko kabla hajainua penseli.

Somo hilo nisingelipata chumbani. Tangu siku ile kila mchoro naufunika maneno kwanza. Kama hakuna kinachobaki, narudia.

Ndiyo maana nasema habari za maonyesho na mikutano ya wachoraji katika mji huu si burudani ya jioni. Ndiyo shule yetu. Chuo utasoma uchoraji, utasoma usanifu wa picha, nenda kabisa ukiweza; ila katuni za magazeti watu wengi hapa wamejifunza begani kwa mtu mwingine. Anza kupajua Nafasi Art Space kule Mikocheni, penye karakana za wasanii na maonyesho. Ijue Alliance Française na Goethe-Institut, zote Upanga, na Makumbusho ya Taifa Mtaa wa Shaaban Robert. Fuatilia zaidi tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, kwa sababu wanahabari hukutana, na wanapokutana wahariri, mchoraji mwenye daftari safi ana watu wa kuonana nao. Usisahau maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Wengi huiona ni ya friji na magodoro, lakini taasisi zenye mabanda pale zinahitaji vipeperushi na vijitabu vyenye michoro, nami nimepata kazi za namna hiyo kwa kuzungumza na mtu wa banda asubuhi, kabla watu hawajafurika.

Ukifika, wahi. Wakati wa hotuba na vitafunwa kila mtu ana mtu wake wa kuzungumza naye. Mchana, picha zinapotundikwa, kuna mtu juu ya ngazi anahitaji wa kumshikia kamba na kumwambia kama fremu imekaa sawa. Kuwa wewe. Nimetundika picha za watu miaka mitatu kabla yangu haijatundikwa, na habari zote za kazi nilizipata chini ya ngazi: gazeti gani linatafuta mchoraji, shirika gani lina kitabu cha watoto, nani analipa na nani hukupiga chenga. Na ukimwonyesha mtu kazi zako, mwonyeshe tano. Kijana mmoja alinifungulia simu yenye picha mia mbili, akawa anazipitisha kwa kidole. Sikumbuki hata moja, na pengine nzuri ilikuwemo.

Kitu kingine: wasome waliotangulia. Jambo hili linaniuma, maana nakutana na vijana wanaowajua wachoraji wote wa Japani kwa majina, lakini ukiwauliza Chakubanga ni nani wanakutumbulia macho. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na wasomaji wakamzoea kama jirani. Likaja jarida la Sani, ambalo jina lake ni vipande vya majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo ndimo wahusika kama Lodi Lofa, Madenge, Ndumilakuwili na Pimbi walimokulia, na kizazi kizima kikajifunza kusoma kwa raha kupitia kwao. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono mikubwa ya jarida lile, alifariki 1986 akiwa bado kijana, na hadi leo wachoraji wa makamo hulitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Ukizikuta Sani za zamani kwa wauza vitabu vya mitumba wa pembeni mwa barabara, nunua. Usizisome kwa hadithi tu. Tazama viatu. Tazama kola za mashati, mlango wa nyumba ya kupanga, ndoo iliyowekwa nje, namna mtu anavyoegemea ukuta. Wale watu walikuwa wanauchora mji wao.

Kutoka kwao fika kwa waliofuata. Ali Masoud amemchora yule panya wake mpaka jina la panya limekuwa jina lake, na leo Masoud Kipanya ndivyo nchi nzima inavyomwita. Nathan Mpangala ametupa mhusika wake Kijasti. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alizaliwa hapa hapa Dar mwaka 1969, akayaacha masomo ya usanifu majengo, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea magazeti ya Nation. Utaona jambo moja linalojirudia: mhusika wa kudumu. Msomaji akishamzoea, huna haja ya kumtambulisha kila siku, na nafasi yote inabaki kwa hoja. Usikimbilie kumbuni wako wiki ya kwanza, lakini anza kumtafuta mapema, kwenye nyuso unazokutana nazo kila siku.

Nyuso hizo utazipata nje. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, panda daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, mtazame konda. Usitazame uso, tazama mkono. Noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, za elfu kidole hiki, za elfu mbili kidole kile, na sarafu zipo kiganjani anazigonganisha kukukumbusha nauli bila kusema neno. Mwili uko nje ya mlango, mguu mmoja ndani. Mchoraji anayekopi kutoka kwenye simu atamchora konda amesimama wima kama polisi wa gwaride. Wewe uliyepanda utachora vidole, na msomaji wa Mbeya au Tanga atajua mara moja kwamba unalijua unalochora. Nilijipa zoezi la kuchora mikono tu wiki nzima: mama lishe akisukuma chapati, fundi cherehani Mwenge, bibi akihesabu vidonge. Hakuna zoezi lililonisaidia kuliko hilo.

Sasa kuhusu kazi ya gazeti yenyewe. Asubuhi wahariri wanakaa kupanga habari za siku. Ukiwa mgeni hutaingia kikaoni, lakini pata muhtasari wake kwa mwandishi yeyote unayemfahamu, kisha peleka mawazo matatu ya haraka ya penseli kabla ya mchana kwisha. Matatu, kwa sababu la kwanza huwa ndilo ambalo kila mchoraji mjini amelifikiria siku hiyo. Mhariri akichagua, una saa chache za kumalizia kwa wino, na ukurasa ukifungwa umefungwa. Haumsubiri mtu aliyekwama foleni ya Ubungo.

Mambo ya ufundi hayana mengi ila ni ya lazima. Chora kwa ukubwa unaozidi utakaochapwa, lakini mara kwa mara upunguze mchoro kwa skana au simu uone herufi bado zinasomeka. Karatasi ya gazeti hunywa wino na kuutawanya, kwa hiyo mistari myembamba iliyobanana inageuka doa jeusi. Katuni yangu ya kwanza kuchapwa ilikuwa na kivuli cha mistari nilichokitolea jasho usiku mzima. Asubuhi nilipofungua gazeti, mama niliyemchora alikuwa kama amepakwa lami nusu ya uso. Acha nafasi nyeupe. Kishikwambi ukikipata ni kizuri, kinaokoa muda, lakini hesabu hii ya wino haibadiliki.

Na utakataliwa. Yangu ilirudishwa siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili mhariri aliichukua bila kusema lolote, akaipachika ukurasani, nikashuka ngazi nikiwa natetemeka magoti.

Pesa na haki uzijue kabla ya kuumizwa, maana mimi nilizijua baada. Kampuni moja ndogo ilinipa kazi ya michoro thelathini ya kijitabu kwa makubaliano ya mdomo. Nikalipwa nusu. Mwaka uliofuata nikaiona michoro ile ile kwenye kalenda, jina langu limefutwa, na sikuwa na karatasi hata moja ya kushika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda mchoro tangu unapoumaliza, hata bila kuusajili popote, lakini ulinzi huo unahitaji ushahidi. Tunza michoro ya awali ya penseli yenye tarehe. Andika hata ujumbe mfupi wa simu: michoro mingapi, itatumika wapi, kwa muda gani, malipo ya awali kiasi gani. Ukiajiriwa, soma kwenye mkataba nani anabaki na haki za mchoro. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo, waulize. Sahihi yako usiiweke pembeni kabisa mwa karatasi, kwa kuwa ndipo wanapokata kabla ya kusambaza WhatsApp. Iingize ndani, kwenye pindo la kanga ya mtu au tofali la ukuta.

Zisome pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa sababu zinaugusa mchoro kama zinavyoyagusa maandishi, na mchoraji mwenye akaunti yake mwenyewe hana mhariri wa kumshika mkono. Sikutishi. Nataka ujue mpaka wa shamba unalolima. Ukijua, utachora kwa ujasiri zaidi, na mambo ya kuchora katika mji huu hayaishi: maji, nauli, ada, upendo, mpira, mafuriko ya Jangwani.

Ukiniona kwenye maonyesho, nifuate hata kama nazungumza na mtu. Fungua daftari lako. Usiniambie kwanza mchoro unahusu nini; niache niweke kiganja juu ya maneno, nitazame.