Maswali kwa Fundi: Fununu za Juni na Mac iliyo mkononi mwako

Msimu umeshaingia. Kila mwaka Juni inapokaribia, Apple hujiandaa kwa mkutano wake na watengenezaji programu, huko ndiko huonyesha mfumo endeshi mpya wa Mac, yaani kompyuta zake, nami benchi langu hapa Wandegeya, Kampala, hugeuka kijiwe. Vijana wa Makerere wanakuja kubadilisha betri, kisha wanakaa saa mbili wakibishania chipu (prosesa, ubongo wa kompyuta) ambayo hakuna hata mmoja aliyeiona. Wiki hizi maswali yamezidi mashine. Nimejibu niliyoweza.

Fundi, shikamoo. Tangazo huanza saa ngapi kwa saa zetu? Tunataka kulitazama hosteli. (Mwanafunzi, Mbarara)

Marahaba mwanangu. Saa mbili kamili usiku. Kule California huwa saa nne asubuhi. Tangazo likiwa la Novemba, kama lile la mwaka 2020 la M1, chipu ya kwanza ya Apple wenyewe kwa Mac, basi ni saa tatu usiku, maana wao hurudisha saa nyuma na sisi watu wa ikweta hatuna mchezo huo.

Video huchukua kama saa moja na nusu. Punguzeni ubora wa picha. Data ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, sioni sababu ya kuulipa ili mhesabu ndevu za msemaji. Hapa kwangu jirani muuza makava ya simu hujifanya VJ: anapunguza sauti ya Mzungu na kutafsiri yeye, kama kwenye kibanda cha sinema. Chipu ikisifiwa kasi, yeye hupaza sauti, "Hii sasa ni Subaru ya mashindano!" Kitaalamu ni kichekesho, lakini hakuna anayeuliza mara ya pili.

Kila chaneli inasema Juni hii lazima Mac mpya itoke. Nimwamini nani? (Shabiki, Jinja)

Hilo neno "lazima" ndilo la kuogopa. Juni ni mwezi wa mfumo endeshi. Mashine huja ikipenda. Mwaka 2022 ilikuja MacBook Air ya M2, na 2023 zikaja tatu kwa mkupuo: Air ya inchi 15, Mac Studio na Mac Pro. Lakini 2021, 2024 na 2025 haikutangazwa hata moja jukwaani. Tena mwaka 2021 mashabiki walikuwa wameshaipa jina chipu inayokuja, M1X, na wengine wameshachora mpaka kasha. Juni ikapita kavu. Oktoba zikaja M1 Pro na M1 Max, na hiyo M1X haijawahi kuuzwa popote duniani.

Na hata mfumo wenyewe ukionyeshwa Juni, wewe huupati usiku ule. Tahoe, mfumo endeshi wa Mac, ilionyeshwa Juni 2025, ikatoka rasmi 15 Septemba. Kinachotolewa mapema ni toleo la majaribio, na ninawaomba msiliweke kwenye mashine ya kazi. Sitaki kuwaona hapa Julai mkilia.

Mimi huwa naitazama fununu imetokea wapi. Ikitoka kwenye faili za programu iliyokwisha kusambazwa, naipa sikio. Maduka yakianza kuishiwa modeli fulani na tarehe za kufikisha mzigo zikisogezwa mbele, naipa sikio vilevile. Ikitoka kwa mtu mwenye picha nyekundu na mshale, naendelea kulehemu.

Ila si kila mara mashabiki wanapiga ramli bure. Juni 2021 Microsoft walitoa picha ya dirisha lenye mwanga unaopita chini, lakini kivuli hakikuwa na ule mstari wa kulala, kwa hiyo mwanga sakafuni ukasomeka 11. Tukio likapangwa saa 11 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani, yaani saa tano asubuhi ya kwao tukihesabu Kiswahili. Wakaongeza video ya milio ya zamani ya Windows yenye urefu wa dakika 11. Watu wakaunganisha nukta, na kabla ya siku yenyewe Windows 11 ikavuja nzima nzima. Walipatia jina, walipatia sura, walibishana wiki nzima kwa nini kitufe cha Start kimehamia katikati. Kilichokuja kuniletea wateja wenye nyuso ndefu hakikuwa kitufe. Kilikuwa sharti la TPM 2.0 (kijichipu cha usalama) na orodha ya prosesa: kwa zile za kampuni ya Intel, karibu kila iliyo chini ya kizazi cha nane ikaachwa nje. Mashine nyingi zilizouzwa mjini kama "safi kabisa" zilikuwa kizazi cha sita na cha saba.

Basi siku ya tangazo msisikilize tu kilichoongezwa. Tafuteni ile orodha ya mashine zinazokubalika, ambayo huwekwa baada ya makofi.

Kaka Fundi, mimi ni mpiga picha za harusi. Nilinunua MacBook Air ya 2020 iliyotumika. Sasa nasikia Mac za Intel zinazikwa. Muuzaji alisema 2020 ni mpya ya kutosha. Nimepigwa? (Dada wa Entebbe)

Dada, kwanza hili si fununu. Juni 2025 Apple wenyewe walisema kwamba macOS Tahoe, yaani macOS 26, ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel. Inayofuata ni ya chipu za Apple peke yake. Na hata Tahoe haikuzibeba Intel zote, ilibeba nne tu: MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya Thunderbolt, iMac ya inchi 27 ya 2020, na Mac Pro ya 2019. Air ya Intel haimo, iwe ya mwaka wowote.

Sasa tuje kwa yako. Mwaka 2020 Apple walitoa Air mbili. Ya Machi ina Intel, ya Novemba ina M1. Umbo ni moja, rangi ni zilezile, ukizipanga mezani mama yako hatazitofautisha. Kwa hiyo muuzaji aliyesema "ni ya 2020" hajasema uongo, ila hajakuambia kitu.

Ipindue, washa tochi ya simu, soma yale maandishi madogo mgongoni. A2179 ni Intel. A2337 ni M1. Usiishie hapo, kwa sababu wapo wanaobadilisha kifuniko cha chini. Tazama kibodi, mstari wa juu. Kitufe cha F5 kikiwa na picha ya maikrofoni na F6 ikiwa na mwezi mwandamo, hiyo ni M1. F5 na F6 zikiwa na alama za kupunguza na kuongeza mwanga wa kibodi, hiyo ni Intel. Kisha iwashe, bofya tufaha kwenye kona ya juu kushoto, fungua mstari wa kwanza wa menyu. Jina la chipu limeandikwa pale.

Mwezi uliopita kijana aliniletea Air yake akilalamika kwamba inapiga kelele. Aliiweka kwenye benchi, ikaunguruma, nikamtazama usoni tu. Air ya M1 haina feni. Yeye alikuwa amelipa bei ya M1, na simu ya aliyemuuzia haipatikani hadi leo.

Kama yako ni A2337, tulia. Apple huihesabia hadi saa 18 za kutazama video, na betri ya mtumba ikikupa hata nusu yake utamaliza harusi umeme ukiwa umekatika. (Nasema umeme wa kwenye waya, si Umeme, ile kampuni ya kusambaza umeme iliyotuaga Machi 2025.) Kama ni A2179, hakuna msiba. Mfumo wake wa mwisho ni Sequoia, uliotangulia Tahoe, na kwa desturi Apple huziba matundu ya usalama kwenye matoleo matatu ya karibuni, kwa hiyo una nafasi mpaka kama 2027. Desturi lakini, si ahadi ya maandishi. Hariri picha zako, ila ukitaka kuiuza iuze sasa, na umwambie mnunuzi ukweli.

Nina akiba tayari. Ninunue au nisubiri tangazo? (Mwalimu, Bweyale)

Mwalimu, yupo mtu ambaye wateja walimsubiri mpaka akafilisika. Mwaka 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubeba, Osborne 1: kilo kama 11, kioo cha inchi 5, dola 1,795. Ikauzwa vizuri sana. Mwaka 1983 akaanza kuzungumzia modeli zinazokuja kabla hazijawa tayari. Maduka yakasema, basi tusubiri. Pesa zikakauka, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikaanguka. Haikuwa sababu pekee, kwa sababu washindani wake Kaypro nao walikuwa wameshamwingilia kwa kioo kikubwa na bei ya chini. Lakini wafanyabiashara wa kompyuta walishika funzo hilo, wakajifunza kufunga mdomo hadi siku ya jukwaa. Huo ukimya ndio unaozaa fununu zote hizi tunazobishania.

Kwako wewe wa Bweyale, mashine itakayotangazwa Juni haitakufikia Juni. Itakayokufikia ni ile atakayoiacha mtu wa London au Dubai akinunua mpya, nayo huchukua miezi. Kama mitihani inakusubiri, nunua. Mambo mawili tu: usilipe Intel kwa bei ya M1, na mwenye mashine ajitoe kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako kabla hujatuma hela kwa simu. Mac iliyofungwa kwa akaunti ya mtu ni sinia la aluminiamu.

Windows 12 inatoka lini? Mimi bado niko kwenye 10. (Karani, Masindi)

Ndugu, Windows haifuati hesabu ya shuleni. Baada ya 8 ilikuja 10. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema 10 ndiyo ya mwisho, na miaka sita baadaye tukapewa 11. Acha namba. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna nyongeza ya ulinzi hadi 13 Oktoba 2026, na njia moja ya kuipata bila kulipa ni kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Fungua sehemu ya masasisho, utaona pa kujiandikisha. Fanya leo.

Je, mfumo mpya utazungumza Kiswahili? (Msomaji, Kampala)

Windows ina pakiti ya lugha ya Kiswahili muda mrefu sasa, na simu za Android zinacho pia. Mac haina, na sijaona shabiki yeyote akikisia jambo hilo, wanakisia rangi za madirisha tu. Mwaka 2022 baraza letu la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, lakini watoto hao wakifika maabara ya kompyuta kila kitu ni Kiingereza, hata pale ambapo Kiswahili kinasubiri kubofywa. Walimu, jaribuni kwenye mashine moja tu muone.

Fundi mwenzangu, nimerundika spea za Mac za Intel, skrini na betri. Nitakwama nazo? (Fundi, Arua)

Hukwami. Wenzetu ng'ambo wakiona orodha mpya, watazitupa za Intel kwa wingi, na unajua wewe mwenyewe zinapoishia. Zile A1466, Air za 2012 hadi 2017, zitaingia kwetu kuliko wakati wowote.

Mteja asiyetaka kubaki na mfumo wa zamani mwekee Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Ile haina fununu: tangu 2004 kwa kawaida hutoka Aprili na Oktoba, na namba yake ni mwaka na mwezi, 24.04 ni Aprili 2024, inahudumiwa miaka mitano. Kwenye A1466 utakutana na tatizo moja: ukimaliza kuisimika, waifai haionekani, kwa sababu kadi yake ya waifai, ya Broadcom, inahitaji draiva, yaani programu ya kuiendesha. Usihangaike kuifungua. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, pakua draiva, zima na kuwasha. Za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya usalama ya T2 ziache mpaka uwe na siku nzima ya kupoteza, Linux yake ina mambo mengi.

Betri ndizo usirundike, zinachakaa hata zikiwa ndani ya kasha. Skrini ongeza. Na ukipata za A1466 zisizo na madoa, nitumie mbili kwa basi la usiku, nauli juu yangu.