Shangazi, grupu letu la kifafa tuliite nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili niko hapa Morogoro mjini, wa kwanza ana kifafa tangu yuko darasa la pili. Tulikutana wazazi pale kliniki tukaanzisha grupu la WhatsApp, tunakumbushana dawa, dawa zikiisha tunaambizana zinapatikana duka gani, na sasa wameingia hadi vijana wenye kifafa wenyewe, wengine wako Ifakara na Mahenge huko. Shida yetu jina. Mwanzo lilikuwa Wagonjwa wa Kifafa Moro. Mwenzetu mmoja simu ilikuwa mezani, meseji ikaingia, wifi yake akaliona jina, haikuisha wiki ukoo mzima unajua na yule dada alikuwa hajamwambia hata mama mkwe. Akalefti. Toka hapo kila mtu anabadilisha jina anavyojisikia, leo Tumaini, kesho Washindi wa Kifafa, mara Ponya Kifafa kwa Jina la Yesu, Waislamu wakanuna, mwingine kasema tuiite Alhamisi maana ndo siku ya kliniki. Na kuna wanaosema kuficha jina ni kuonea aibu ugonjwa. Tusaidie. (Mama Wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa hayo ya wifi, na hongera sana, kuwakusanya watu hao mpaka wa Mahenge wakajua mko wapi si kazi ndogo.

Nianze na hilo la aibu maana naona ndilo linalowagombanisha. Anayesema kuficha ni aibu mara nyingi kwake wanajua, mume anajua, majirani wanajua, hana anachoogopa. Sawa, na nampongeza. Ila jina la grupu linasomwa na watu ambao hamkuwaalika, wifi, mwenye nyumba, fundi simu, mtoto anayeomba simu acheze gemu, yaani mtu yeyote aliyekaa karibu na skrini meseji ikiingia. Kwa hiyo mnapochagua jina mfikirieni yule mwenye siri nzito kuliko wote humo ndani, yule binti ambaye posa imeshaletwa, yule mwalimu anayehofia wazazi wa wanafunzi watasemaje. Yule jasiri jina la sitara halimzuii kitu, akitaka atasimama sokoni aseme nina kifafa na mimi nitampigia makofi, lakini kusema ni haki yake mwenye ugonjwa, sio ya admini wala ya simu.

Na nyie wa mkoa huo mnaijua hofu yenyewe. Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge mwaka 1960, akakuta wenye kifafa wanakula kivyao na chombo chao kivyake kwa sababu watu waliamini lile povu linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kumshika mtu aliyeanguka. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado kuna mtoto anaangukia moto anaungua kwa sababu waliokuwepo waliogopa kumgusa. Sasa mpaka hiyo hofu iishe watu wenu wanahitaji stara, na mimi sioni aibu yoyote hapo.

Tuje kwenye majina yenu. Ponya Kifafa liondoeni leo, na sisemi hivyo kwa ajili ya dini tu, ingawa Waislamu wana haki ya kununa, grupu ni la wote. Jina linaloahidi kuponya linawaita wauza dawa, utashangaa wiki mbili tu wameshajaa humo na chupa zao na ushuhuda wao. Halafu baya zaidi kuna mzazi atalisoma jina, ataona mtoto kakaa miezi minne hajaanguka, ataacha vidonge. Dawa za kifafa ukizikata ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na likapitiliza lisikome, na likipita dakika tano hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakipata dawa sahihi na kuzinywa inavyotakiwa. Hiyo ndo habari njema yenu, iwekeni ndani kwenye maelezo ya grupu, msiibebeshe jina.

Washindi nalo nalielewa, mnataka kutiana moyo. Lakini kuna kijana atakaa miaka miwili salama halafu aanguke stendi mbele za watu, siku hiyo jioni akifungua simu aone anaitwa mshindi, atajisikiaje? Wa hivyo hawaagi, wanalefti kimyakimya, na ndo siku alikuwa anawahitaji kuliko siku zote.

Wagonjwa hapana pia. Mtu anameza dawa yake asubuhi anaenda zake shamba au ofisini, kumwita mgonjwa kutwa nzima ni kumvika nguo isiyo yake. Si mnaona kwa wenzetu wenye ualbino, walipambana mpaka watu wakaanza kusema mtu mwenye ualbino, mtu akatangulia. Mkija siku kuandika barua kwa mganga mkuu andikeni watu wenye kifafa.

Alhamisi nimelipenda kwa kweli, lakini mjini kwenu anayeijua hospitali anajua Alhamisi wanaonwa watu gani, na kliniki nyingi za kifafa ziko pamoja na za afya ya akili, kwa hiyo mtakuwa mmeficha kitu mlango uko wazi. Na siku ya kliniki ikibadilishwa je?

Tumaini halina ubaya ila kuna kwaya ya Tumaini, saccos ya Tumaini, shule ya Tumaini, mwenzenu atakuwa anatafuta grupu kwenye simu anapeleka habari za dawa kwenye kwaya. Hii hutokea jamani, na ndo siri inavyotoka.

Ushauri wangu, chukueni jina linalofanana na la kikoba lakini lisiwe la kikoba chochote mnachokijua hapo. Bega kwa Bega, Tushikane, Jirani Mwema, la namna hiyo. Hakuna anayeshtuka kuona kikoba kwenye simu ya mama. Mjiandae tu na jibu, maana kuna mume atauliza mnachanga shilingi ngapi na zamu yako lini, mkubaliane mapema mtasema ni grupu la wazazi la kushauriana, na huo ni ukweli. Mimi ningechukua Bega kwa Bega, linatamkika, na hata ukilitaja kwenye simu ndani ya daladala hakuna atakayegeuka. Msiweke Mama wala Watoto kwenye jina, mna vijana humo na akina baba nao waje. Jina la hospitali msiliguse, watu watadhani mnaongea kwa niaba ya madaktari. Na Moro litoeni kwa ajili ya wale wa mbali.

Kama kuna wanaoumia sana kuliacha neno kifafa, waambie habari ya WAMATA, ilianzishwa Dar es Salaam 1989 wakati UKIMWI hautajwi kwa sauti. Kirefu chake ni Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, ugonjwa umo ndani kabisa, lakini mtu alikuwa anaweza kusema naenda WAMATA na jirani asiyejua akapita zake. Nanyi mnaweza kutengeneza kifupi cha hivyo, ila kirefu chake kibaki kwenye maelezo ya ndani, maana maelezo hayatokei meseji ikiingia. Picha ya grupu wekeni ua la zambarau, hiyo ndo rangi ya kifafa duniani, mwenye kujua atajua.

Kuchagua msifanye kwa kelele humo grupuni. Kila mtu amtumie admini chaguo lake inboksi, na wale wenye kifafa wenyewe wasikilizwe kwanza kabla yetu wazazi, ni lao hilo. Likipatikana, admini aingie kwenye setingi aweke kwamba admini pekee ndo wanabadilisha jina. Muwafundishe na wengine kufunga chati ili meseji ikija isionyeshe jina wala maneno. Halafu wewe mwenyewe mpigie yule dada aliyelefti, usimwandikie, mpigie, umwambie jina limebadilishwa kwa ajili yake na nafasi yake ipo.

SWALI: Assalaam aleikum shangazi. Mimi ni baba wa mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, niko Mombasa. Tunafungua grupu la Facebook la wazazi wa pwani, wenzangu wanataka tuliite Nuru ya Pwani, mimi nahisi halisemi kitu. (Baba wa Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam baba. Wewe uko sawa, na kwako nasema kinyume cha nilivyomwambia wa Morogoro. Mzazi wa kwenu yuko macho usiku, mtoto analia, mikono na miguu imevimba, ndo kwanza ameambiwa jina la ugonjwa, atakachoandika pale juu pa kutafutia ni selimundu au sikoseli basi, hawezi kuandika Nuru ya Pwani. Liiteni Wazazi wa Selimundu (Sikoseli) Pwani, maneno yote mawili yawemo.

Najua kuna nyumba ambazo mama anasingiziwa kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Mtoto huupata pale baba na mama wote wawili wanapompa kila mmoja kinasaba cha ugonjwa huo, liandikeni hilo pale mwanzo kabisa kwa maneno mepesi ili hata bibi akisomewa aelewe. Na kwa ajili ya hao wanaosingiziwa grupu liwe praiveti, wanaolitafuta walione jina ila asiye mwanachama asione nani yumo wala wanaandika nini. Wa Lamu na wa Kwale watauliza kliniki ya karibu iko wapi, hayo nayo muwe nayo tayari kabla hamjafungua.