"Soil" na "dirt": asili ya maneno mawili ya udongo

Swali: Nasoma stashahada ya kilimo. Kamusi inanipa "soil" kuwa ni udongo, kisha chini yake kuwa ni kuchafua. Ina maana Waingereza waliuona udongo kama uchafu? Na kwenye ripoti ya maabara naruhusiwa kuandika "dirt"?

Jibu: Hapana kwa yote mawili. "Soil" ya udongo na "soil" ya kuchafua ni maneno mbalimbali yaliyokuja kufanana tahajia, na kamusi kubwa huyapa vidahizo viwili, kila kimoja na namba yake. Nomino iliingia Uingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, ikimaanisha ardhi au eneo la nchi. Kwa Kilatini hurudishwa kwenye "solium", yaani kiti, ambalo maana yake ilichanganyika na "solum", sakafu au ardhi. Kitenzi kimetoka Kifaransa cha kale, "soillier", na Wafaransa hadi leo husema "souiller" kwa kuchafua.

Lenye uchafu kweli ni "dirt". Asili yake ni "drit" la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, yaani mavi. Baadaye r na i zikabadilishana nafasi. Wamarekani huita barabara ya vumbi "dirt road" bila ubaya wowote, lakini kwenye ripoti liache. Sampuli uliyochimba ni "soil". Kilichonata kwenye buti lako ndicho "dirt".

Hilo "solum" lishike, maana utakutana nalo kila siku. Peke yake ni jina la tabaka A na B, zile za juu, za wasifu wa udongo, yaani mkato wake kutoka juu kwenda chini. Likikatwa linabaki "-sol", mwisho wa majina ya aina za udongo, na hapo sehemu ya mbele ndiyo inayokueleza tabia. Vertisol, kama ule mweusi wa mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, inatokana na "vertere", kugeuza: ukikauka hupasuka, udongo wa juu hudondokea kwenye nyufa, ukilowa huvimba na kujipindua. Nitisol, ule mwekundu wa nyanda za juu za Kenya ya kati, ni "nitidus", -enye kung'aa. Vunja bonge lake kwa mkono utaona nyuso zinazometameta.

Andosol ndiyo huwachanganya wanafunzi. Haihusiani na milima ya Andes: "an" ni -eusi na "do" ni udongo, kwa Kijapani. Ni udongo wa majivu ya volkano, na miteremko ya Kilimanjaro inao.