Panda kwanza, ndipo utazame kingine: kwa mnaoanza kuruka chini kwenye simuleta

Wageni wengi wa simuleta za ndege za kivita huja na hamu ileile: kupenya bondeni kwa kasi, miti ikipita chini ya mabawa, rada ya adui ikiwa haina habari. Hamu hiyo naielewa. Ila wengi huamini kwamba anayeruka chini zaidi ndiye jasiri zaidi, na kwa imani hiyo huishia kwenye ubavu wa mlima kabla hawajarushiwa hata risasi moja. Kuruka chini kunategemea macho yako yako wapi, na yamekaa hapo kwa sekunde ngapi. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Nitatumia mifano ya DCS World, simuleta ya kompyuta ya ndege za kivita, na ndege nitakayoshika ni Su-25T ya Kirusi, kwa sababu inakuja bure pamoja na ramani ya Kaukazi, na vipimo vyake ni kilomita na mita kama tulivyozoea. Weka mwendo wa kilomita 600 kwa saa. Hapo unakwenda kilomita 10 kila dakika, yaani karibu mita 167 kila sekunde. Zishike namba hizo mbili kichwani. Utazitumia safari nzima.

Tuanze na sababu ya kushuka. Rada haioni nyuma ya mkunjo wa dunia. Chukua rada ya ardhini ambayo antena yake iko mita 10 juu, kwenye tambarare isiyo na mlima. Ukiwa mita 3,000 inaweza kukuona ukiwa bado kilomita 240 hivi. Ukishuka hadi mita 100, umbali huo unaanguka hadi kama kilomita 54. Ukijikaza hadi mita 30, unafika kilomita 36. Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara: kutoka mita 3,000 hadi 100 umepata faida ya kilomita 186, na hatari imeongezeka kiasi. Kutoka 100 hadi 30 umepata kilomita 18, ambazo kwa mwendo wako hazifiki dakika 2, na hatari imeongezeka mara nyingi. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: kaa mita 100, na ukae hapo kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Tena ukiwa na mlima kati yako na rada, mita 100 na mita 30 ni kitu kimoja, kwa sababu mlima hauangalii altimita yako, yaani kipimo chako cha kimo. Miti siitegemei kama kificho. Ninachokiamini ni mwamba na udongo.

Halafu tazama upande wa gharama. Pua ya ndege ikiinama digrii 1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni, kwa kilomita 600 kwa saa unashuka karibu mita 3 kila sekunde. Kutoka mita 50 una sekunde 17. Ikiinama digrii 3, una chini ya sekunde 6. Sekunde 6 ndizo unazotumia kutafuta kitufe kwenye kibodi, kubadilisha silaha, au kusoma ujumbe wa mwenzako kwenye skrini. Ukiwa mita 100 muda huo unakuwa mara mbili, na sekunde 12 zinatosha kugundua kwamba mambo yameharibika.

Marubani wa jeshi hufundishwa kuzigawa kazi zao mafungu mawili wanapokuwa chini: kazi za kutogonga ardhi, na kazi nyingine zote. Za kwanza hazingoji. Ramani, redio, mafuta, silaha, kumtafuta mwenzako, hata kutazama kombora linatokea wapi, yote yanaingia fungu la pili, na fungu la pili hupewa muda unaobaki tu. Kwa hiyo kanuni yangu kwa mgeni ni hii, na ningeibandika pembeni mwa skrini: kabla ya kutazama kitu chochote ambacho si mbele, inua pua kidogo. Digrii 2 zinatosha. Ndege ikianza kupanda polepole, unatazama unachotaka, unarudisha macho mbele, unashuka tena. Ukisahau kushuka, hasara ni kwamba rada imekuona mapema kidogo. Ukisahau kupanda, misheni imekwisha. Weka pia trimu, yaani mkao wa ndege usipoigusa, hivyohivyo: ndege ikiachiwa joistiki, ielekee juu kidogo, isielekee chini. Mkono ukichoka, ndege inapanda yenyewe.

Kona ndizo zinazoua kuliko mambo mengine yote, na hapa nitakaa kidogo. Ukilaza ndege digrii 60 na kuvuta G 2, yaani nguvu mara mbili ya uzito, inazunguka bila kupoteza kimo. Mduara wako kwa mwendo ule una nusu kipenyo cha kilomita 1.6 hivi, kwa hiyo korongo lenye upana wa kilomita 1 huwezi kugeuka ndani yake, usijaribu. Sasa chukulia uko kwenye kona hiyo, ukageuza kichwa kumtazama mwenzako au shabaha iliyoachwa nyuma. Mkono hufuata kichwa. Ndege inalala hadi digrii 70 huku wewe ukiendelea kuvuta G 2 zilezile. Nguvu ya mabawa inayokushikilia juu imepungua hadi kama theluthi mbili ya uzito wako. Theluthi iliyobaki ya uzito inakuvuta chini. Kutoka mita 50 unagonga ardhi baada ya sekunde zisizofika 6, na katika muda huo pua inaonekana iko sawa tu na mstari wa upeo, mpaka mwisho. Hakuna kengele itakayokuokoa kwa wakati.

Kwa hiyo kwenye kona, fuata mpangilio huu. Tazama kwanza upande unaotaka kwenda, uhakikishe hakuna kigongo. Rudisha macho mbele. Laza ndege, kisha vuta, huku ukitazama pale pua inapokatiza upeo. Baada ya pua kuanza kupanda kidogo, ndipo una ruhusa ya kutupa jicho pembeni kwa sekunde 1. Rudi mbele. Watu husema hii ni polepole. Ni polepole kweli.

Kuhusu altimita: zipo mbili na hazisemi kitu kimoja. Ile ya kawaida inapima umbali kutoka usawa wa bahari. Ya redio inapima kutoka ardhi iliyo chini yako sasa hivi. Ukitoka Batumi, mji wa Georgia ulio ufukweni, zote zitaonyesha karibu sawa, na hapo ndipo mgeni hudanganyika, kwa sababu ukipanda bondeni kuelekea Mestia, mji wa milimani, ardhi yenyewe imefika kama mita 1,500. Tumia ya redio, lakini ujue udhaifu wake: inatazama chini tu, haijui kilichoko mbele, na ndege ikilala sana inapima pembeni badala ya chini. Juu ya bahari tulivu au jangwa tupu ndiyo rafiki yako pekee, kwa sababu jicho halina mti wala nyumba ya kupimia kimo. Hapo ongeza mita 50 bila aibu. Hata ndege za mizigo za C-130 za Israel zilizokwenda Entebbe, Uganda, kuokoa mateka Julai 1976 zilikaa chini sana juu ya Bahari ya Shamu, ambako kulikuwa na rada za kukwepa. Zilipoingia bara zikapanda. Kimo cha chini hutumika pale kinapohitajika, kisha unaachana nacho.

Njia nzuri ya mazoezi iko kwenye ramani ile ya bure. Ondoka uwanja wa ndege wa Senaki, hukohuko Georgia, elekea kaskazini-magharibi hadi karibu na Zugdidi, shika mto Enguri, uufuate ukipanda hadi Jvari kwenye bwawa kubwa la umeme, ukuta wa zege wa mita 271.5. Huo ukuta utakufundisha jambo moja ambalo ramani ya karatasi haiwezi kukufundisha: mabonde mengine hupanda kuliko uwezo wa ndege yako. Ukiwa na mabomu na mafuta kamili, Su-25T ni nzito. Ukiingia korongo ambalo sakafu yake inapanda na kuta zinabana, usipokuwa na nafasi ya kugeuka wala nguvu ya kupanda, umeshakufa dakika nzima kabla ya kugonga. Kabla ya kuingia bonde lolote, jua unatokea wapi, na kilele cha kutokea kina mita ngapi. Ruka ubavuni mwa bonde, usiruke katikati: ukibanwa, unakuwa na upana wote wa kugeukia. Na zoezi la kwanza lifanye bila adui yeyote, bila silaha, mchana kweupe.

Kuvuka kigongo nako kuna namna yake. Ukikiendea moja kwa moja, ukichungulia upande wa pili na kukuta mitambo ya makombora ya kutungulia ndege, lazima ugeuke digrii 90 ndipo uwe sambamba na mlima. Ukikiendea kwa mshazari wa digrii 45, unahitaji nusu ya hizo tu ili ujirudishe nyuma ya kificho. Anza kupanda mapema. Kigongo kilicho mita 300 juu yako, ukipanda kwa digrii 10, kinataka karibu sekunde 10, kwa hiyo anza kilomita 2 kabla, tena uongeze nguvu ya injini kabla hujavuta, siyo baada ya mwendo kushuka. Ukishavuka, sukuma pua taratibu ufuate mteremko. Mtaona kwenye video wakongwe wakigeuza ndege tumbo juu na kuvuta kushuka upande wa pili. Inapendeza, na ina sababu zake, lakini iacheni kwanza.

Shambulio lenyewe ndipo watu husahau kwamba bomu nalo linahitaji kimo. Mwaka 1982 kwenye vita vya visiwa vya Falkland, marubani wa Argentina waliingia chini sana dhidi ya meli za Uingereza, na mabomu yao kadhaa yaligonga bila kulipuka kwa sababu fyuzi, kifaa kinacholipua bomu, haikupata muda wa kujiandaa. HMS Antelope ilipigwa na mabomu 2 ya namna hiyo. Moja likalipuka baadaye wakati wataalamu wakilitegua, na meli ikazama. Kwa upande wa pili, bomu la kawaida likilipuka wakati uko mita 50 juu yake, vipande vyake vinakufikia wewe. Kwa hiyo ama ubebe mabomu yenye kizuizi cha mwendo, ama uinuke kidogo kabla ya shabaha, uione, uinamishe pua, uachie, na urudi chini upande tofauti na uliotokea. Vita hivyohivyo vina mfano safi wa kupanda kwa kipimo: Mei 4, 1982, ndege 2 za Argentina aina ya Super Étendard zilikwenda chini juu ya bahari, zikainuka muda mfupi kutazama kwa rada, zikashuka tena, ndipo zikarusha Exocet, makombora ya kupiga meli. HMS Sheffield ilipigwa. Kule kuinuka kulikuwa kumepangwa tangu ardhini. Nawe panga: chagua alama moja isiyosahaulika, daraja au njia panda ya reli, kilomita 10 kabla ya shabaha. Ukiipita, bonyeza saa. Dakika 1 baadaye shabaha iko hapo, hata kama hujaiona.

Kisha kuna siku ambazo hupaswi kabisa kuwa chini. Januari 1991, ndege za kivita za Tornado za Uingereza ziliingia viwanja vya ndege vya Iraq kwa kimo cha chini mno, kama mbinu yao ilivyotaka, zikapoteza ndege. Baada ya siku chache jeshi hilo likahamia kimo cha kati. Ukishuka umemkimbia mwenye rada kubwa, ukamfuata mwenye bunduki. Shilka, gari la kivita la kutungulia ndege, ina mitutu 4 ya milimita 23 na inafika kama kilomita 2.5, askari mwenye Igla, kombora la kutungulia ndege, begani anahitaji kukusikia tu na kugeuka. Kama upelelezi wako unaonyesha mizinga mingi na makombora makubwa hayapo au yameshazimwa, baki juu. Usishuke kwa sababu tu umeshajifunza.

Vifaa nitavitaja haraka. Kompyuta inayokwama nusu sekunde inakupeleka mita 83 ukiwa kipofu, kwa hiyo kabla ya kununua joistiki ya bei, punguza mapambo ya picha hadi fremu zitulie hata juu ya mji. Kifaa cha kufuatilia kichwa, ambacho hugeuza mtazamo wa skrini unapogeuza kichwa, kinasaidia sana kwenye kona. TrackIR ni ghali, ila opentrack ni bure na inakubali kamera ya kawaida ya kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya bonde, hilo halina mbinu.

Baada ya kila safari fungua kumbukumbu yake kwenye Tacview, programu ya kuchambua safari za ndege, uangalie mstari wa kimo chako kutoka ardhini. Usitafute ulipokuwa chini zaidi. Tafuta palipopanda na kushuka ovyo, urudi nyuma uone ulikuwa unafanya nini sekunde hizo: mara nyingi utakuta ni kona, au ulikuwa unachagua silaha. Ukiona safari kadhaa mfululizo mstari umetulia kwenye mita 100, hata pale ulipokuwa unashughulika na rada na silaha, shuka hadi 80 na uanze upya palepale Senaki.