Tikal si ya nusu siku: ushauri kwa anayekwenda magofu ya Wamaya, Petén

Wageni wengi wanaofika Petén, kaskazini mwa Guatemala, huiona Tikal kwa saa chache tu kisha wakageuza. Hulala Flores, hununua safari ya kuona jua likichomoza, hupakiwa kwenye basi dogo saa tisa usiku, na ikifika saa sita na nusu mchana wako njiani kurudi, wamechoka na picha zao ni ukungu mtupu. Kosa si lao. Ndivyo safari hizi zinavyouzwa. Sisi tunasema hivi: ipe Petén siku nne, na usiku mmoja kati ya hizo ulale ndani ya hifadhi ya Tikal kwenyewe. Mengine yote yapange kuuzunguka usiku huo.

Kituo cha kuanzia ni Flores, kisiwa kidogo ndani ya ziwa Petén Itzá, kilichounganishwa kwa tuta la barabara na mji wa Santa Elena wenye uwanja wa ndege, stendi na benki. Kutoka Guatemala City ndege huchukua kama saa moja, basi saa nane hadi kumi. Anayetoka Afrika Mashariki ajue mambo mawili kabla ya kulipa nauli. Ukipitia Marekani unahitaji viza yao, hata kama ni kubadilisha ndege tu. La pili ni kadi ya njano: Guatemala huidai chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Chanjo hiyo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kufika. Umeme ni volti 120 na soketi ni za pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi ukipata adapta. Pasi ya nyumbani haitapata moto wa maana.

Fedha toa Santa Elena, na utoe za kutosha, maana huko msituni mashine ya benki hutaiona. Kiingilio cha Tikal kwa mgeni kimekuwa ketzali 150 kwa miaka ya karibuni, na 100 za ziada kwa anayetaka kuingia kabla ya kufunguliwa saa 12 asubuhi, tena lazima awe na kiongozi mwenye leseni. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza hotelini siku moja kabla. Pasipoti uwe nayo mkononi.

Majira ya kwenda ni Desemba hadi Machi. Msitu ni mkavu kiasi, njia zinapitika, na alfajiri kuna baridi inayotaka sweta. Aprili na Mei joto hukaribia nyuzi 40, na bila upepo chini ya miti unachoka kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia Juni mvua hushika. Tikal bado inatembeleka wakati huo, ila mawe ya chokaa yakilowa huota ukoga mwembamba wa kijani usioonekana vizuri, na hapo ndipo watu wengi huanguka: si kwenye ngazi za mbao za mahekalu, bali kwenye vidaraja vya mawe na njia za kivulini wanazozidharau. Viatu viwe na soli yenye meno. Ndara hapana.

Siku ya kwanza usiende Tikal. Nenda Yaxhá, mchana, ukae hadi magharibi. Ni mji wa Wamaya juu ya ziwa lenye jina hilohilo, kilomita 11 za barabara ya vumbi kutoka barabara kuu iendayo mpaka wa Belize. Watu ni wachache, na Hekalu 216 lina ngazi ya mbao hadi juu, ambako unaona jua likizama juu ya ziwa na msitu. Beba tochi ya kichwani, kwa sababu kurudi hadi kwenye gari ni gizani. Na maji ya ziwa yakikuvutia, yaache: yana mamba.

Siku ya pili ondoka Flores asubuhi bila haraka. Ni kilomita 65 hivi. Kwenye geti la hifadhi huandikiwa muda wa kuingia, na kutoka hapo bado kuna kilomita 17 hadi kwenye magofu, mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. Msitu umekaribia lami pande zote na vibao vya kando ya njia vimechorwa chui wa Amerika, nyoka na bata mzinga wa porini, kwa hiyo mwambie dereva asikimbizane na saa. Weka mizigo hotelini. Zipo hoteli chache ndani ya hifadhi na hujaa mapema, hivyo weka nafasi wiki kadhaa kabla ukienda Desemba au wiki ya Pasaka. Mara nyingi umeme wa huko ni wa saa maalumu tu. Chaji simu unapoukuta.

Ingia magofuni saa nane mchana, mabasi ya asubuhi yakiwa yanaondoka. Kuna sababu nyingine ambayo waongozaji wazuri huijua na wauza tiketi hawaisemi: Hekalu la Kwanza, lile refu jembamba lenye urefu wa mita 47 hivi linaloonekana kwenye kila picha ya Tikal, linatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake na uso wake ni kivuli. Alasiri mwanga unaliangukia usoni, ngazi kwa ngazi, na jiwe linageuka rangi ya asali. Hekalu la Pili linalolikabili linatazama mashariki, hilo lipige picha asubuhi. Hekalu la Kwanza halipandwi. Ni kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyetawala kuanzia 682 na kuishinda Calakmul, mji hasimu wa Tikal, mwaka 695.

Kabla hujaondoka kwenye uwanja ulio kati ya mahekalu hayo mawili, ingia kwenye vyumba vya Akropoli ya Kati, majengo ya kifalme yaliyo kando yake, usimame, uangalie juu. Wamaya hawakutumia tao la jiwe la kufungia kileleni. Walipanga mawe kila safu ikichomoza kidogo kuliko ya chini yake, kuta mbili zikasogeleana mpaka nafasi ikatosha kufunikwa kwa jiwe moja bapa. Ndiyo maana chumba cha mfalme ni chembamba kama ujia na ukuta wake mnene kuliko chumba. Juu ya baadhi ya milango zipo bado boriti za mti wa zapote, mti mgumu ambao umestahimili unyevu huu kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu hupita chini yake bila kuinua macho, na inasikitisha.

Siku ya tatu amka mapema uingie geti likifunguliwa. Tembea moja kwa moja hadi Hekalu la Nne, kama mita 65, la mwaka 741 hivi. Wengine ndio kwanza wanateremka kutoka safari yao ya alfajiri, na ukungu uliowanyima jua huanza kupasuka baadaye, kati ya saa moja na saa tatu, vilele vya mahekalu vikichomoza kimoja kimoja. Ukiwa juu utasikia ngurumo. Ni kima wakubwa weusi wa huko. Aliyezoea mbega wanavyounguruma alfajiri atatambua jambo hilo mara moja, ila hawa sauti yao ni nzito zaidi. Kaa kimya nusu saa. Halafu rudi kwa njia ya Mundo Perdido, kundi la majengo ya kale zaidi ya Tikal. Mzunguko mzima ni karibu kilomita 10. Lita tatu za maji kwa mtu mmoja si nyingi.

Mwombe kiongozi akuonyeshe miti miwili. Mmoja ni msufi, mti wa taifa wa Guatemala na mtakatifu kwa Wamaya, ni aina ileile unayoiona pwani yetu. Mwingine ni chechén, wenye madoa meusi ya utomvu kwenye gome. Usiushike wala usiuegemee. Utomvu wake huunguza, na malengelenge hujitokeza baadaye, wakati umeshasahau ulishika nini.

Ukiwa na nafasi, siku ya nne nenda Uaxactún, kilomita 23 kaskazini mwa Tikal kwa barabara ya udongo. Ni kijiji cha wavunaji wa msitu kilichojengwa kando ya kiwanja cha zamani cha ndege, na magofu yake yana jengo la kupimia jua: ukisimama kwenye piramidi, jua huchomoza nyuma ya hekalu la kati siku ambazo mchana na usiku hulingana, na kwenye yale ya pembeni siku za mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka.

El Mirador, mji mwingine wa kale wa Wamaya ndani kabisa ya msitu, ni habari nyingine. Ni safari ya miguu ya siku tano au sita kutoka Carmelita, zaidi ya kilomita 40 kwa kwenda tu bila kurudi, pamoja na waongozaji wa kijijini na nyumbu (wale wa mizigo, wazao wa punda na farasi) wanaobeba chakula na maji. Mwisho wake ni La Danta, piramidi ya mita 72 iliyojengwa kabla ya Kristo. Nenda Februari hadi Aprili tu. Mvua ikinyesha, mabonde huwa tope la magotini. Na yakikauka, nyayo za nyumbu hubaki mashimo magumu kama saruji yanayopinda kifundo cha mguu. Vaa buti zinazofunika kifundo, ambazo umeshazivaa wiki kadhaa kabla.

Kupe wadogo hupanda kutoka majanini: suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi, dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET asilimia 30, na ukaguzi wa mwili mzima kila jioni, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Usubi nao hueneza leishmania ya ngozi, ugonjwa wa vidonda, ambayo huko iliwasumbua sana wagema utomvu wa ubani wa kutafuna. Kidonda chake huja taratibu, wiki au miezi baada ya safari, na mara nyingi hakiumi. Ukirudi nyumbani ukaona kidonda kisichopona kwa wiki tatu, mwambie daktari ulikuwa msitu wa Petén kabla hajakuandikia dawa ya kupaka.